Folowazi 10,000, wateja 3: fundi wa Nkuhungu anauliza akope atangaze au aache

Mbukwenyi wapendwa wasomaji. Barua ya wiki hii ni ndefu kidogo lakini sijaikata, nimetoa jina tu na jina la ukurasa wake. Naomba muisome mpaka mwisho maana najua mko wengi mnaopitia hivi hivi, wauza keki, wauza zabibu, mafundi sofa, wote.

*

Anti shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, fundi cherehani hapa Dodoma. Nilianza kushona 2012 kwa dada yangu Majengo, baadae nikapata fremu yangu mwenyewe, kodi ilivyopanda nikahamia huku Nkuhungu karibu na nyumbani. Nina cherehani mbili, ovaloki moja na binti mmoja ananisaidia. Nashona magauni ya vitenge na lesi, sare za sherehe, na kuanzia mwezi wa kumi na mbili nashona sare za shule. Shida yangu ni kwamba tangu nihame wateja wa mjini wamepotea, wengine nikikutana nao sokoni wananiambia fundi sisi tulijua umeacha kazi.

Mwaka jana watu wakaniambia ingia Instagram wenzio wanapiga hela. Kuna kijana akaniambia atanifungulia ukurasa na kuniwekea folowazi 10,000, nikampa 150,000, Anti hiyo ilikuwa hela yangu ya mchezo nimekaa mwaka mzima naisubiri. Kweli folowazi wakaja, ila ukiwafungua majina hayasomeki, hawana picha, wengine wameandika lugha ambayo hata sijui ni ya wapi. Nikiposti napata laiki nne na mojawapo ni ya binti wangu. Toka mwezi wa tano mpaka leo wateja waliotoka huko ni watatu, na mmoja alitaka gauni kama lile la picha niliyoiposti, ile picha sio kazi yangu niliitoa kwenye ukurasa wa Wanaijeria, nikamshonea halikutoka vile akagoma kumalizia hela.

Watu wakiuliza bei kwenye komenti nawaambia njoo inboksi kama wanavyofanya wengine. Wakija nawajibu usiku nikishamaliza kazi, hawarudi tena. Mume wangu analalamika kila siku, bando na mimi kushinda na simu usiku.

Alafu kuna hili limeniumiza zaidi. Nina mteja wangu wa miaka mingi, nilimshonea gauni la send-off ya mdogo wake, siku anajaribu nikampiga picha nikaiposti bila kumuuliza. Gauni lilikuwa wazi mabega. Mume wake akaiona, wakagombana, akanitumia meseji ndefu sana na tangu hapo hajakanyaga kwangu. Picha bado ipo, sijui nifute kwanza au niombe msamaha kwanza, naona aibu.

Sasa yule kijana amerudi, anasema nimpe 300,000 apromoti ukurasa ndio wateja watakuja. Nikope? Au niachane na mitandao nitafute fremu mjini tena? Kitu kimoja najivunia Anti ni kazi yangu. Nikikata kitenge maua yanakutana kwenye zipu ya mgongoni, huwezi jua kama palikatwa. Lakini nani ataliona hilo huku Nkuhungu.

Fundi wa Nkuhungu

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa hiyo hela ya mchezo. Najua mtu anavyoisubiri zamu yake.

Naanza na la haraka. Usikope na usimpe huyo kijana hata shilingi. Kabla hujaendelea kusoma nataka uchukue simu uangalie kitu kimoja: huo ukurasa alifungua yeye, je uliandikishwa kwa namba ya nani na email ya nani? Kama ni yake basi ukurasa ni wake, siku mkikorofishana anaufunga au anauuza na jina lako likiwa juu. Mwambie akupe nywila, ukishaingia weka namba yako na email yako, toa za kwake, badilisha nywila, washa na uthibitisho wa hatua mbili. Akigoma usigombane nae, utafungua mwingine na kwa kweli mimi ningekushauri ufungue mwingine hata akikupa.

Nakwambia kwa nini. Wale 10,000 sio watu, ni akaunti zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa. Hazivai gauni. Na sio kwamba hazina faida tu, zinakuumiza, kwasababu hii mitandao ukiposti inaangalia kwanza watu wako wamefanya nini, wamesimama kuangalia, wamekomenti, wamemtumia mwenzao, ikiona wamekaa kimya inaamua kitu chako hakina mvuto na hata yule mtu wa kweli wa Area C haletewi. Kwahiyo umelipa 150,000 ili ufichwe. Ukurasa wenye watu 200 wanaoishi Dodoma na wanaovaa vitenge utakulisha kuliko huo.

Sasa nikwambie wateja wako wako wapi. Wako kwenye daftari la vipimo.

Fundi yeyote analo, hata kama hujalisema kwenye barua mimi najua unalo, lile kubwa limechakaa pembeni, kifua kiuno nyonga urefu wa mkono, na juu pameandikwa Mama Fulani na namba ya simu ili umpigie gauni likiwa tayari. Toka 2012! Hayo ni majina mangapi? Huyo kijana hawezi kukuuzia hicho kitu hata ukimpa milioni, maana hao ni watu waliokwisha kukulipa, wanakujua mkono wako, na tatizo lao ni moja tu umelisema mwenyewe, walijua umeacha kazi.

Kwahiyo kazi ya wiki ya kwanza haihusu Instagram kabisa. Weka WhatsApp Business, ni ya bure, unaweza kutumia namba hiyo hiyo unayotumia sasa (hifadhi chati zako kwanza kabla ya kuhamia). Alafu kaa na binti wako jioni, fungua daftari, muingize majina kwenye simu kumi kumi kila siku. Kila mtu umwandikie yeye kama yeye, usikopi meseji moja ya tangazo ukaipeleka kwa watu wote. Kitu kama hiki: "Dada habari za siku, mimi fundi wako tuliyekuwa wote Majengo, nilihama niko Nkuhungu sasa hivi naendelea kushona. Vipimo vyako bado ninavyo. Naomba uisave hii namba uone mishono mipya kwenye statasi." Hapo kwenye vipimo vyako bado ninavyo ndipo penye uzito wote. Mtu akisoma hivyo anajua huyu ni fundi wake kweli, na anaanza kukumbuka kitenge alichokunja kabatini toka harusi ya mwaka juzi.

Hiyo ya kuisave namba usiiache. Statasi ya WhatsApp inaonwa na mtu ambaye wewe umemsave na yeye amekusave, akikosa kukusave utaposti mpaka uchoke haoni. Hivyo hivyo na ile orodha ya kutuma meseji kwa watu wengi kwa pamoja, inabeba mpaka watu 256 lakini inamfikia aliyekusave tu. Na tafadhali usiwachukue watu ukawatupia kwenye grupu bila kuwauliza, mtu anaamka asubuhi yuko kwenye grupu la watu mia hawajui, namba yake wote wanaiona, anatoka na moyo umechafuka.

Nije kwenye bei, na hapa niruhusu niseme kwa nguvu kidogo maana sio wewe peke yako ni nchi nzima.

Mwaka huu nilikuwa natafuta mapazia. Nikaandikia kurasa nne za hapa hapa Dodoma, zote zina picha nzuri. Tatu zikaniambia "bei njoo inboksi mpendwa". Nikaenda. Mmoja akanijibu kesho yake, mmoja akaniuliza kwanza nakaa wapi, nikahisi anapima mfuko wangu ndio apange bei, wa tatu mpaka leo. Ule ukurasa wa nne picha zake zilikuwa za kawaida tu lakini chini ameandika bei ya mita, upana, duka liko mtaa gani, na bei ya fundi wa kufunga. Nikapiga simu, saa 9 alasiri mapazia yalikuwa nyumbani. Sikuwahi hata kumwandikia komenti, yani kwenye ukurasa wake mimi sionekani popote lakini hela yangu anayo.

Mteja mwenye hela na asiye na muda ndio huyo, hana subira ya kuulizana. Yule ambaye hana bajeti akiona bei anapita zake na wewe umeokoa bando. Najua mafundi mnasema kila nguo ina bei yake, ni kweli, basi andika "kuanzia". Mfano, na bei nimetunga mimi weka zako: "Gauni la kitenge, mikono mirefu, bitana ndani. Ufundi kuanzia 35,000 kwa kitambaa chako, siku 5. Nkuhungu Dodoma." Na namba. Basi. Kwenye WhatsApp Business kuna katalogi, weka mishono yako 10 ile unayoipenda kushona kila mmoja na bei yake, mtu akiuliza unamtumia hiyo. Na kwenye maelezo ya ukurasa wa Instagram weka linki ya kumleta WhatsApp moja kwa moja, inaandikwa wa.me/ halafu 255 halafu namba yako bila ile sifuri ya mwanzo.

Picha sasa. Ile ya Wanaijeria futa, na nyingine zote za kuokota futa. Umeona mwenyewe ilivyokugharimu. Ukiposti picha umetoa ahadi, na ulimuahidi yule dada kitambaa ambacho hapa hakipo, mwili ambao sio wake, na mkono wa fundi mwingine. Mteja akikuletea yeye picha ya mshono anaoutaka ni sawa kabisa, hapo mnakaa mnaongea, unamwambia hiki kitambaa chako hakitasimama hivi, mabega haya yanataka kitu kigumu ndani, wewe na kifua chako tushushe shingo kidogo. Hiyo ni kazi ya fundi. Lakini ukurasani iwe kazi ya mikono yako tu, hata kama ni nguo sita.

Na wewe umeshaniambia cha kuonyesha ila umekiandika mwishoni kama vile hakina maana! Maua yanakutana kwenye zipu. Mdogo wangu mimi nimevaa vitenge miaka mingi, najua ni mara ngapi nimegeuka kwenye kioo nikakuta ndege amekatwa kichwa mgongoni, nusu yake iko kwapani. Wanawake wa mji huu wote wanalijua hilo. Nataka video ya sekunde 20, usiongee chochote kama unaona aibu. Gauni limelala mezani mgongo juu, zipu iko wazi, maua yako vipande viwili. Mkono wako unashika kidoti cha zipu unakipandisha taratibu, na ua linajifunga mpaka linakuwa moja. Kwisha. Alafu ya pili, geuza gauni ndani nje uonyeshe ulivyopitisha ovaloki na ulivyopinda upindo, maana fundi mbovu huwa hageuzi. Ya tatu uko unatandika kitenge unatafuta ua la mbele kabla hujakata, unaonyesha kwamba mtu asilete doti pungufu maana kukutanisha maua kunakula kitambaa, mwambie kabisa aongeze kiasi gani. Hizo tatu zipeleke Instagram, zipeleke TikTok, zipeleke statasi, video ni ile ile.

Huhitaji simu mpya. Unahitaji mwanga, na Dodoma kitu tulichojaliwa ni jua, ila la saa 7 mchana linaunguza rangi, kitenge chekundu kinatoka kama kimefuliwa mara mia. Piga saa 3 asubuhi au saa 11 jioni, mlangoni kwenye kivuli, nyuma uwe na ukuta mtupu au shuka moja lililopigwa pasi. Futa kioo cha kamera na kitambaa kabla, hili vumbi letu linakaa kwenye kioo hulioni na picha inatoka na ukungu. Lesi nyeupe usiitundike nje kabisa, piga haraka urudishe ndani.

Kuhusu kurudi mjini. Sio lazima, na nakwambia hivi kwa kuangalia mji wenyewe ulivyogeuka. Uamuzi wa kuhamishia serikali hapa ni wa 1973 lakini watu wamekuja hasa kuanzia 2016, 2018 tukawa jiji, na tangu hapo kila mwaka kuna watu wanashusha vitanda Kisasa, Ilazo, Njedengwa, Ihumwa, wanafanya kazi Mtumba kwenye mji wa serikali. Mtu aliyetoka Mwanza au Dar mwezi uliopita hana shangazi wa kumuelekeza fundi, hajui Majengo inaanzia wapi. Anauliza simu. Anaandika "fundi nguo Dodoma" na anaangalia kinachotokea. Huyo ndio mteja wako mpya na hajali kama fremu yako iko mjini au Nkuhungu, anajali kama inaonekana kwenye ramani na kama simu inapokelewa. Kwahiyo jiandikishe kwenye Google Maps kama biashara, ni bure, wanahakiki kwanza na mara nyingi wanataka uwarekodie video ya eneo lako, weka saa za kufungua, picha za nguo na picha ya fremu kwa nje ili bodaboda asipotee. Alafu wateja wako watano wa zamani waombe wakuandikie maoni pale, maneno yao wenyewe usiwatungie. Na kwenye kila unachoposti neno Dodoma lisikosekane, usiandike tu "fundi bora" maana mafundi bora wako dunia nzima.

Fuata na kalenda ya mji. Bunge la bajeti linakaa Aprili mpaka mwisho wa Juni, mji unajaa, watu wanataka suti na magauni ya ofisini kwa haraka, anza kuonyesha hizo Machi. Nanenane ya Nzuguni mwanzoni mwa Agosti, vikundi vinataka sare. Mahafali ya vyuo mwisho wa mwaka, wale wa UDOM wanataka gauni la kuvaa ndani ya joho na wanataka kwa bei ya mwanafunzi. Sare za shule wewe mwenyewe unajua, usisubiri Januari uanze kusema.

Wateja wa mbali wakianza kukuuliza, Singida, Kondoa, hata Dar maana tangu treni ya SGR ianze kufika huku 2024 watu wa Dar wanakuja na kurudi kirahisi, usiogope lakini uwe na utaratibu. Rekodi video moja ukijipima na futi kamba kuonyesha wapi kifua kinapimwa na wapi kiuno, wanayotumiwa wote. Nusu ya hela kabla hujakata, na nusu kabla mzigo haujaenda stendi ya Nanenane. Chukua lipa namba iandikwe jina la biashara yako. Na mtu akikwambia nimeshatuma fundi angalia, akakutumia na skrini shoti, usiangalie skrini shoti wala meseji iliyoingia, ingia kwenye menyu uangalie salio lako. Meseji za uongo zinatengenezwa vizuri sana siku hizi. Zile za "tuma kwenye namba hii" zifowadi 15040 ni bure. Na usimpe mtu yeyote ule msimbo wa tarakimu 6 unaokuja kwenye simu, hata akisema ni mteja alikosea namba, ndivyo WhatsApp inavyoibiwa, na ukiibiwa wateja wako wote wa daftari wataombwa hela kwa jina lako. Weka PIN ya uthibitisho leo, iko kwenye mipangilio.

Mume wako ana hoja na mimi namuunga mkono kidogo. Simu ya biashara iwe na saa zake kama fremu ilivyo na saa zake. Saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, dakika 20 kila mara, na mchana binti ndio ajibu yale maswali ya bei na mko wapi, WhatsApp Business inakuruhusu kuandika majibu mapema ukayaita kwa neno moja. Usiku weka ujumbe wa kujijibu wenyewe, "tumefunga, tutakujibu kesho saa 4". Alafu kuwa na kadaftari, kila mteja mpya muulize umenijulia wapi, uandike, statasi, Instagram, ramani, kuambiwa na mtu. Mwisho wa mwezi kaa na mumeo mfungue pamoja, bando limekula ngapi na limeleta ngapi. Kama miezi mitatu TikTok haijaleta mtu hata mmoja achana nayo bila huruma. Na ikifika siku unataka kulipia tangazo, lipia mwenyewe kwenye simu yako, hela ndogo ya siku mbili tatu, chagua Dodoma tu na wanawake wa umri unaowashonea, na tangaza ile video ambayo watu wameshaipenda bila hela.

Kama kukopa kunakuwasha kopa cherehani. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, inataka kikundi. Kaulize kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, maana hizo video zikifanya kazi mikono miwili na binti mmoja hamtatosha, na fundi anayechelewesha nguo ya harusi siku hizi anaandikwa huko huko mtandaoni alikotangaza. Pokea unachoweza kumaliza.

Nimebakiza la mteja wako kwasababu hilo ndio lilinikaa moyoni.

Picha ya mtu ni ya mtu hata kama gauni umeshona wewe. Kisheria pia, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, huwezi kutumia picha ya mtu kutangaza biashara bila ridhaa yake. Kuanzia sasa muulize kila mteja na muulize kabla hajavaa, sio akiwa ameshasimama mbele ya kioo ana furaha anashindwa kukukatalia. Akikubali andika kwenye daftari pembeni ya vipimo vyake, picha sawa, sura hapana, au mgongo tu. Wengi watakubali mgongo, na wewe mgongo ndio unautaka.

Hiyo iliyoko ukurasani ifute sasa hivi, kabla ya msamaha, maana ukimpigia ikiwa bado ipo na yeye anaiona maneno yako hayana kitu. Angalia na TikTok, angalia na statasi, mwambie na binti aifute kwenye simu yake. Ukishafuta mpigie, usimwandikie, meseji ndefu ya kwake ilikuwa na hasira na ya kwako itasomwa kwa hasira hiyo hiyo. Mwambie nimekosa dada, nilitakiwa nikuulize, nimeifuta kote. Usimwambie ilikuwa inakutangazia gauni lako wala wengine hawakasiriki. Kama mume wake anataka kusikia kutoka kwako uwe tayari kuongea nae pia. Usiombe arudi kushona na usimpe ofa siku hiyo. Vipimo vyake viache kwenye daftari pale pale vilipo.